Uzi: Karakana ya Tingatinga pale Msasani ilikuwa nyumba ipi hasa? Ihamishwe au iachwe?

#1 KorongoWaUpanga
Wakuu, heshima kwenu.

Naweka madai mezani, mnipinge kwa hoja siyo kwa matusi. Mchoraji wa Tanzania ambaye jina lake limetembea dunia kuliko wote ni Edward Saidi Tingatinga. Kazaliwa 1932, kafariki 1972, na kuchora kwenyewe alianza 1968 hivi. Miaka kama minne tu ya kazi, na mpaka leo kuna familia zinakula kwa jina lake. Alikuwa akiishi na kuchora Msasani, Mikoroshini. Haya, nendeni Mikoroshini leo mkaulize nyumba iko wapi. Utaonyeshwa geti, ukuta wenye nyaya za umeme, na mlinzi anayetaka kujua una miadi na nani.

Wenzetu Dublin walikichukua chumba cha kuchorea cha Francis Bacon kutoka London, wakakibomoa ukuta kwa ukuta, wakasafirisha mpaka vumbi, wakakisimamisha upya ndani ya jumba la sanaa. Sisi hata kibao cha bati "hapa aliishi fulani" kinatushinda.

Pendekezo: nyumba itafutwe, serikali iitangaze kuwa urithi, kilichobaki kihamishiwe Kijiji cha Makumbusho, Bagamoyo Road. Nani anapinga?

#2 Mlalahoi_Namanga
Ngoja wajuzi waje. Mimi nimekaa na karanga zangu.

#3 BintiRuvuma
Asante kwa uzi, kaka Korongo, ila umeruka. Unasema Msasani kana kwamba mtu alidondoka kutoka mbinguni na brashi mkononi. Kazaliwa Namochelia, siku hizi panaitwa Nakapanya, wilaya ya Tunduru. Mama Mmakua, baba Mngindo. Akatoka kwao akaenda kwanza Tanga kwenye mashamba ya mkonge, ndipo akaja Dar kufanya kazi za nyumbani kwa wazungu.

Na kwetu kule Wamakua walikuwa wakichora kuta za nyumba za udongo. Wanyama, watu, madoadoa. Wapo watafiti walioshikilia kwamba mtindo wake umetoka huko. Kwa hiyo kama mnatafuta karakana ya kwanza, ni ukuta wa nyumba ya Nakapanya. Hamishieni hiyo Bagamoyo Road tuone.

#4 MzeeKitambaaCheupe
Wanangu, salaam.

Nimekulia Msasani. Mikoroshini ya wakati huo ilikuwa mikorosho kweli, na nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo, juu makuti, waliobahatika bati. Nyumba ya namna hiyo ukiacha kuikandika masika mawili matatu inarudi ardhini yenyewe, hahitajiki wa kubomoa. Ndiyo maana nacheka mnaposema "kilichobaki".

Halafu hilo neno karakana mnalikuza. Chumba cha mtu kilikuwa na kitanda, sanduku la nguo na jiko la mkaa. Nani angechora humo? Rangi zile zinanuka, zinaumiza kichwa. Wachoraji tuliowaona walikaa nje, barazani au mtini, bodi magotini, makopo yamezunguka miguu. Watoto tukisogea tunafukuzwa tusije tukaangusha kopo.

#5 Mlalahoi_Namanga
Shikamoo Mzee. Kwa hiyo tuhamishe mti?

#6 MzeeKitambaaCheupe
Marahaba. Mkorosho ukiuhamisha unakufa. Kaulize kwenu Mtwara.

#7 FundiBrashi
Mimi ni mchoraji, nipo kwenye kazi hii muda. Niongeze kwa upande wa ufundi maana naona wanasheria na wanahistoria wanakuja na watazika mada.

Alichochagua Tingatinga kilitokana na vilivyopatikana na bei yake. Bodi ni zile za dari, zinakatwa vipande vya mraba, sentimita 60 kwa 60 hivi. Rangi ni enameli, wenyewe tunaita rangi ya baiskeli. Inang'aa, haihitaji kioo wala fremu, mvua ikiipiga unafuta na kitambaa. Lakini ina tabia zake. Unapaka usuli kwanza, yaani rangi ya nyuma ya picha, unauacha ukauke vizuri, halafu ndiyo unaweka chui wako, halafu madoa. Ukikimbilia madoa kabla chini hakujakauka, chui anageuka uji. Kwa hiyo mchoraji wa Tingatinga hachori picha moja. Anapanga bodi kadhaa, hii inakauka, ile inapakwa, na zote zinataka upepo na zinataka mtu wa kuzuia kuku.

Sasa fikirieni hiyo ndani ya chumba cha futi kumi. Mzee #4 kasema kweli tupu.

Na kuhusu kuhamisha: karakana ilishahama zamani, tena haikuhamishwa na serikali. Alipofariki 1972 wanafunzi wake walibeba makopo na brashi wakaendelea pale Morogoro Stores ambako picha zilikuwa zikiuzwa. Baadaye wakajiunga, na 1990 ikawa chama cha ushirika kamili. Ukitaka karakana ya Tingatinga ipo Oysterbay, inafunguliwa asubuhi, karibu ununue.

#8 KorongoWaUpanga
FundiBrashi, heshima. Ila unauza bidhaa kwenye uzi wangu.

#9 FundiBrashi
Wewe ulipotaja mlinzi wa geti ulikuwa unauza nini?

#10 Mkaazi_wa_Liffey
Habari za nyumbani. Nipo Dublin, na hicho chumba cha Bacon nimekitembelea, kwa hiyo nirekebishe mambo.

Bacon kazaliwa hapa Dublin 1909, ndiyo sababu mji ulikuwa na pa kusimamia. London alikaa 7 Reece Mews tangu 1961 mpaka alipofariki 1992. Mrithi wake, John Edwards, ndiye aliyetoa chumba kizima kwa jumba la Hugh Lane mwaka 1998, na kikafunguliwa kwa watu 2001. Vitu zaidi ya 7,000. Picha zilizochanwa, vitabu, magazeti, makopo, brashi zilizokauka, turubai alizozikata kwa kisu mwenyewe. Waliita waakiolojia wakapima na kuchora ramani ya kila lundo kabla ya kugusa kitu, kama vile wanachimba Olduvai. Kuta na milango navyo vimekuja, maana mtu yule alikuwa akijaribia rangi ukutani na mlangoni.

Lakini huingii ndani. Unachungulia kwenye kioo. Mwanzoni nilisisimka, baadaye nikahisi naangalia chumba cha maiti aliyelala vizuri. Na muhimu: walikuta chumba kama kilivyoachwa. Bila mrithi aliyekubali na mlango uliofungwa, wasingekuwa na cha kuhamisha. Korongo, kwa Tingatinga una kipi kati ya hivyo viwili?

#11 Mlalahoi_Namanga
Yaani vumbi limesafiri kutoka London? Wamwambie mtu wa Mbagala, tunalo la kutosha na hatudai nauli.

#12 WakiliWaKiraka
Salaam. Nisiwe mrefu.

Mnasema "serikali iitangaze" kama vile ni kupiga muhuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba ya Msasani ya miaka ya sitini haigusi hapo hata kwa mbali. Njia iliyobaki ni waziri kuitangaza katika Gazeti la Serikali, na ili aitangaze lazima kuwe na kitu cha kutangaza, chenye mipaka na chenye mwenyewe. Kiwanja cha Msasani kina mwenyewe, amini usiamini, na ana hati. Mtu wa namna hiyo ukimwambia bustani yake ni urithi wa taifa atakwambia umlipe.

Tena hamjajibu jambo la kwanza kabisa: nyumba ilikuwa yake au alipanga?

#13 KorongoWaUpanga
Wakili, nyumba ya Mwalimu Magomeni, Mtaa wa Ifunda, nayo ni ya juzi tu, mbona imehifadhiwa? Alikaa pale kabla ya uhuru. Imebaki palepale, watu wanaingia wanaona. Kwa hiyo kinachotakiwa ni nia, sheria inafuata.

#14 WakiliWaKiraka
Ile ni nyumba ya Baba wa Taifa, ya matofali, na ilikuwepo. Umelinganisha mambo matatu ambayo hayalingani.

#15 BintiRuvuma
Hapo ndipo penyewe. Aliyekuwa Rais nyumba zake zinajulikana zote, Magomeni na Msasani hukohuko. Mfanyakazi wa ndani aliyejifunza kuchora mwenyewe hakuna aliyeandika anakaa wapi. Wazungu walionunua picha zake walijua jina na saini, basi.

#16 NyumbaNiChoo
Mimi natofautiana na BintiRuvuma kuhusu kuta za Nakapanya. Wazee wengi wa mjini wanasema alianza baada ya kuona Wakongo waliokuja Dar na picha zao miaka ile baada ya uhuru, wakitembeza barabarani. Akaona inalipa, akajaribu. Hilo linaingia akilini zaidi. Mtu yupo Oysterbay, anaona mzungu anatoa hela kwa picha ya Mkongo, halafu aende akakumbuke ukuta wa bibi yake? Njaa ndiyo mwalimu.

#17 BintiRuvuma
Na Mkongo alimfundisha kuchora fisi wa madoadoa asiye na usuli wa mlima wala mto? Picha za Wakongo zilikuwa na vijiji, machweo, mitumbwi. Zake mnyama mmoja kajaza bodi nzima. Angalia kwanza ndipo ujibu.

#18 FundiBrashi
Mnyama mmoja kajaza bodi kwa sababu bodi ni ndogo na mteja yupo mbali barabarani, anatakiwa aone. Nyie wasomi mnatafuta mizimu.

#19 NyumbaNiChoo
😂😂 Hapo Fundi katuua wote wawili.

#20 MchongajiMwenge
Hodi humu. Naona mmemkalia mmoja tu. Mada ni nyumba ya msanii kuhama, basi zungumzieni Nyumba ya Sanaa.

Ilianzishwa 1972, mwaka uleule Tingatinga aliofariki, na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. George Lilanga aliingia pale kama mlinzi. Mjomba wake Augustino Malaba alikuwa mchongaji palepale, ndiye aliyemshika mkono. Lilanga akatoka kwenye ulinzi, akachonga, akachora, akachapa, mpaka akawa Lilanga mnayemjua, alifariki 2005. Ile ndiyo ilikuwa karakana iliyomlea, siyo nyumbani kwake. Palikuwa mjini kabisa, jirani na hoteli kubwa, mtalii anavuka hatua chache anamkuta fundi anafanya kazi.

Haya, kapiteni leo muitafute ile Nyumba ya Sanaa tuliyoijua. Jengo lilikuwepo, hati ilikuwepo, jina kubwa lilikuwepo, picha zipo, hakuna nyumba ya udongo hapo. Kwa hiyo hoja ya Wakili kwamba tatizo ni kukosa kitu cha kutangaza, haisimami. Kitu kilikuwepo.

#21 WakiliWaKiraka
Bei ya kiwanja cha katikati ya mji. Hiyo ndiyo sheria inayotangulia zote.

#22 Mama_Kinyerezi
Naomba nichangie la kwangu, ingawa baba yangu hakuwa maarufu. Alikuwa mwandika mabango. Saluni, bucha, mabasi, "Mungu Mkubwa" nyuma ya daladala, yote hayo. Chumba chake cha kazi kilikuwa Keko, ukuta mmoja wote alikuwa akifutia brashi, miaka na miaka, mpaka rangi ikawa nene kama gamba, unaweza kuibandua. Sisi watoto tuliupenda ule ukuta kuliko mabango yenyewe.

Alipofariki mwenye nyumba alitupa muda mfupi. Nilikwenda ofisi moja inayohusika na mambo haya kuuliza kama kuna anayependa kuja hata kupiga picha. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa barua ipitie kwa mtendaji wa mtaa. Wakati barua inatembea, mpangaji mpya alipaka ukuta chokaa.

Kwa hiyo kaka wa Dublin, waakiolojia wako wamenikera bila kosa lao.

#23 Mkaazi_wa_Liffey
Pole sana dada. Ungewahi kuubandua hata kipande.

#24 Mama_Kinyerezi
Ninacho. Ukubwa wa kiganja. Tabaka zinahesabika kama za kitunguu.

#25 KorongoWaUpanga
Mama Kinyerezi, pole na asante. Hicho kipande kina thamani kuliko uzi mzima huu.

#26 Mwalimu_Sanaa_Kigamboni
Wapendwa, msisahau kwamba kuhama siyo ulinzi. Mchoraji Elimo Njau, mtoto wa Marangu, alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa Nairobi 1965, pale katikati ya mji. Baadaye akaihamishia nyumbani kwake Ridgeways, nje kidogo, ikawa nyumba na karakana na ukumbi kwa pamoja. Mnaona imekaa salama? 1997 moto ukaingia, kazi nyingi zikateketea. Akaendelea palepale kwenye majivu.

Na Brancusi, mchongaji Mromania wa Paris, aliiachia Ufaransa karakana yake kwa wosia wa 1956, sharti waijenge kama ilivyo. Wameijenga na kuihamisha zaidi ya mara moja, na 1990 ikapata mafuriko ikafungwa. Iliyojengwa upya mbele ya jumba la Pompidou 1997 ilisanifiwa na Renzo Piano. Ndugu zangu, ndivyo ilivyo hata kwa wenye pesa.

Pale Kijiji cha Makumbusho nyumba za makabila zilijengwa upya miaka ya sitini, zikafunguliwa 1967. Makuti na nyasi zinataka kubadilishwa kila baada ya muda. Ukipeleka nyumba ya Tingatinga pale, ndani ya miaka michache kila kitu chake kitakuwa kipya. Mtalii ataoneshwa nini?

#27 NyumbaNiChoo
Ataoneshwa tiketi.

#28 Kijana_wa_Ajaba
Samahanini, nimesoma wanafunzi wa Tingatinga mara wamesemwa bila majina. Walikuwa watano: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata.

#29 FundiBrashi
Sita. Omari Amonde umemwacha.

#30 Kijana_wa_Ajaba
Amonde wengine humhesabu, wengine hawamhesabu.

#31 FundiBrashi
Wasiomhesabu hawajakaa naye. Na uelewe jambo moja: wengi wao walikuwa ndugu au watu wa nyumbani. Hiyo ndiyo iliyofanya nyumba iwe karakana. Mtu anakuja kutoka kusini, analala kwa ndugu, analipaje chakula? Anapewa bodi apake usuli. Wiki zikipita anapewa madoa. Baadaye anaachiwa ndege mzima. Hakuna ada. Ndiyo maana nasema mkitafuta jengo mnatafuta ganda.

#32 MzeeKitambaaCheupe
Hilo la kulala kwa ndugu ni kweli ya Dar yote ya wakati ule, siyo ya wachoraji peke yao. Mafundi cherehani, wauza samaki, wote.

#33 Mlalahoi_Namanga
Swali la mtu asiyejua: Tingatinga alikufaje? Miaka 40 ni kijana.

#34 MchongajiMwenge
Risasi za polisi, usiku, mjini. Walidhani gari alilokuwemo ni la wahalifu wanaowafukuza.

#35 Mlalahoi_Namanga
Dah.

#36 KorongoWaUpanga
Narudi kwenye hoja. Tuseme nyumba haipo na ardhi ina mwenyewe. Bado kuna njia: kibao kwenye barabara, ambacho ni mali ya umma. "Mtaa huu aliishi na kuchora E. S. Tingatinga." Hakihitaji hati ya mtu.

#37 WakiliWaKiraka
Mtaa upi? Ndiyo swali lako la #1 bado linakutazama. Wazee watatu wa Mikoroshini watakuonyesha mitaa minne.

#38 MzeeKitambaaCheupe
Mimi nitaonyesha mmoja tu, na ndio wenyewe.

#39 NyumbaNiChoo
Kiwekwe kimoja kila mtaa. Nyerere alilala kwenye nyumba nyingi akipigania uhuru na kila wilaya ina ya kwake, hatujawahi kugombana.

#40 BintiRuvuma
Na cha Nakapanya msikisahau. 🙄

#41 Zuwena_Ilala
Jamani samahani naingilia. Mama yangu alifanya kazi kwa mzungu mmoja Oysterbay zamani sana, alipoondoka akamwachia vyombo na picha moja ya bodi, mraba, ndege mkubwa mwekundu, mgongo wa bluu. Chini pembeni kuna herufi, E.S. halafu jina, limefifia. Hiyo inaweza kuwa yenyewe?

#42 FundiBrashi
Alisaini hivyo E.S. TINGATINGA, lakini na wanaoghushi wanasaini hivyohivyo. Piga picha ya mbele na ya nyuma. Nyuma ndiyo muhimu, tuone bodi imekatwaje na imezeekaje. Usiisugue kwa sabuni. Iko wapi sasa hivi?

#43 Zuwena_Ilala
Iko uani. Imefunika pipa la maji.

#44 KorongoWaUpanga
MUNGU WANGU.

#45 Mkaazi_wa_Liffey
Itoe hapo SASA HIVI dada. Unyevu wa chini utaivimbisha bodi na rangi itaachia.

#46 FundiBrashi
Ilaze kivulini, sehemu kavu, uso juu, usiianike juani. Nakuja Ilala kesho, nitumie ujumbe pembeni.

#47 Zuwena_Ilala
Nimemwambia mama. Amekataa. Anasema mbu wataingia kwenye pipa.

#48 Mlalahoi_Namanga
Fundi, ukienda kesho beba mfuniko.